Aliyefupisha Mkanda wa Mkoba

Theopista aliishi na mwindaji miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuugusa mkoba wa baruti wa mumewe. Aliujua kwa macho tu. Ulikuwa mkoba wa ngozi ya pongo, mweusi kwa jasho na moshi, ukining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, upande anaolala Kalisti, na gobole lenyewe likisimama kwenye kona chini yake. Akifagia, alifagia kwa kuuzunguka. Mwaka ule paa lilipovuja, alihamisha godoro, picha ya ndoa, mpaka kuku aliyekuwa akiatamia mayai uvunguni, lakini mkoba aliuacha unarushiwa matone mpaka mwenyewe aliporudi kutoka kwenye mizinga na kuuondoa kwa mkono wake.

Ndivyo alivyopokelewa. Yeye alizaliwa Kakese, kwa watu wa mpunga, ambako mwiko mkubwa ulikuwa kumpigia ndege kelele kabla jua halijachomoza. Alipoletwa kwa Wakonongo, kwenye kijiji hiki cha njia ya Ugalla, mama mkwe wake alimketisha na kumweleza mambo mawili. La kwanza, mwanamke akishika vifaa vya mwindaji, risasi inapotea njia. La pili, mwindaji akiwa porini, mke aliyebaki nyumbani akitoka nje ya ndoa, gobole linakataa kulia. Theopista aliitikia yote, maana mwari haulizi maswali.

Basi Kalisti akijiandaa na safari, kazi waligawana. Theopista alifunga unga, chumvi, karanga, sufuria ndogo na blanketi. Kalisti alikaa kwenye kigoda amempa mgongo, akapanga mkoba. Theopista aliweza kujua amefika wapi kwa kusikiliza tu. Ule mlio mkavu, kama wa punje za mtama, ni baruti inapimwa kutoka kwenye pembe na kuingia kwenye vijibomba vya mwanzi, kipimo kimoja kila kijibomba, ili porini asihangaike kupima. Ule mwingine wa kugongana ni goroli za risasi. Na ule mdogo kabisa, kama mtu anatikisa vifungo vya shati, ni fataki zikiingia kwenye kijaluba chake. Gobole ukishalipiga mara moja unaanza upya: baruti ndani ya mtutu, kitambaa cha kuziba, ushindilie kwa ufito wa chuma, goroli, kitambaa tena, ushindilie tena, halafu fataki juu ya kile kichuchu kinachopigwa na nyundo. Mnyama aliyejeruhiwa hakusubiri umalize. Kwa hiyo maisha ya Kalisti porini yalikuwa ndani ya ule mkoba, na Theopista alilala usiku mwingi akiuombea mkoba ambao hakuruhusiwa kuushika.

Kiangazi hiki mambo yaligeuka. Kalisti alilipia kibali chake kama kila mwaka, akaenda kwenye pori la wazi, nje ya hifadhi, akarudi na asali bila nyama. Akaenda tena, akarudi vilevile. Mara ya tatu watu kilabuni walimuuliza, naye akajibu kwa mkato kwamba gobole linakataa.

Neno hilo lilitembea haraka kuliko yeye. Siku mbili baadaye dada yake, Matilda, alikuja kwa Theopista na kikapu kitupu, akasema amekuja kuomba majani ya kisamvu. Hakuomba kisamvu. Alikaa, akaangalia huku na huku, akauliza kama yule kijana Deo, mnunuzi wa asali mwenye pikipiki, bado anapita pale wakati kaka hayupo. Theopista alisema anapita, maana asali iko pale. Matilda akatikisa kichwa polepole. Akasema zamani mama yao, marehemu, aliweza kujua nyumba ipi haina usafi kwa kusikia tu gobole la nani limekataa.

"Wifi," alisema Theopista, "kama una neno na mimi, liseme."

"Sina neno," alisema Matilda. "Gobole ndilo lenye neno."

Jioni ile Theopista alimsimulia Kalisti yote, akitegemea atasimama na kwenda kumkemea dada yake. Kalisti alikuwa anakula. Aliendelea kula. Mwishowe akasema Matilda amezoea kuongea, amwache. Hakusema kwamba mke wake ni mwaminifu. Hakusema pia kwamba si mwaminifu. Akanawa mikono, akaenda kulala.

Pale ndipo kitu kilipoingia moyoni mwa Theopista, kikakaa. Alijijua. Deo alikuwa mtoto wa kumzaa, na hata angekuwa mzee mwenye ng'ombe mia, yeye Theopista hajawahi kuvuka kizingiti cha ndoa yake. Sasa kama mwiko ni wa kweli, na gobole limekataa, na yeye ni msafi, basi mchafu ni nani? Maana mama mkwe alisema pia, ingawa kwa sauti ndogo, kwamba mwindaji naye anatakiwa ajizuie. Ndoa ina watu wawili. Alilala macho wazi akimsikiliza mumewe anavyopumua, akajiuliza ni nani mwingine anayekijua kile kikoromo.

Jumamosi Kalisti alikwenda kuchimba kaburi kwa jirani. Theopista alifunga mlango, akapanda kitandani, akautungua mkoba kutoka kwenye msumari. Alingoja kitu kitokee, hakikutokea. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri.

Aliyajua yote yaliyokuwamo kwa milio yake, sasa akayaona kwa sura: pembe, vijibomba vya mwanzi, kifuko cha goroli, kijaluba cha bati. Chini kabisa palikuwa na vitambaa vya kuzibia. Kalisti siku zote alichana matambara ya mashati yake, vipande vya ovyo, kimoja kirefu kingine kifupi. Hivi vilikuwa vimekatwa kwa mkasi, vyote saizi moja, vikaviringishwa na kupangwa safu kama maandazi. Ni kitenge. Rangi ya bluu, na manyoya ya kanga wa porini yenye madoa meupe. Theopista alivikunjua vitatu, vinne. Katika nyumba yake hakikuwahi kuingia kitenge cha namna ile.

Halafu akajaribu kuvaa mkoba begani, bila kujua kwa nini, na hapo ndipo alipoona. Mkanda ulikuwa umefupishwa. Ulikunjwa karibu shibiri nzima na kushonwa kwa uzi mpya, mishono midogo, ya mtu mwenye subira. Kalisti ni mrefu. Akitembea, mkoba ulimgonga nyongani siku zote. Kwa mkanda huu ungemkaa kwapani. Theopista mwenyewe alikuwa mrefu, na kwake pia ulikaa kwapani. Aliyeshonewa mkanda ule alikuwa mfupi. Alisimama pale juu ya kitanda, mkoba umembana, akamwona kabisa huyo mtu mfupi anavyotembea mbele ya mume wake, au nyuma yake, au ubavuni.

Alichukua kitambaa kimoja, vingine akavirudisha kama vilivyokuwa.

Kijijini palikuwa na fundi wa nguo mmoja tu anayeaminika, Séverine, mama aliyetokea makazi ya wakimbizi ya Katumba na cherehani yake mwenyewe. Séverine hakusahau nguo aliyoishona, kama vile wengine wasivyosahau deni. Theopista alimfungulia kiganja, akadai ameokota kile kipande njiani akakipenda, anataka kujua kitenge kile kinapatikana wapi. Séverine alikigeuza mara moja.

"Hiki nilikishona gauni, dada. La mama Elia. Emerensiana, mjane wa Cletus. Alilivaa siku ya kutoa matanga. Vilivyobaki alichukua mwenyewe, hata vipande vidogo. Nikamuuliza vya nini, akacheka tu."

Theopista alirudi nyumbani na masikio yanavuma. Emerensiana. Cletus alikuwa rafiki wa Kalisti wa kuwinda naye tangu ujana. Alipokufa kwa homa, ni Theopista aliyebeba debe la unga kichwani kumpelekea yule mwanamke, ni Theopista aliyemshika mabega kaburini asije akajitupa. Kumbe alikuwa anamshika mtu atakayemchukulia mume. Alimkumbuka vizuri: mfupi, mwenye pengo la meno ya mbele, mwenye kicheko kinachoanza kabla hadithi haijaisha. Kila kiangazi alikwenda kambi ya warina asali, huko huko kwa Kalisti, kwa sababu mizinga ya marehemu ilikuwa bado mitini na hakutaka kuigawa kwa mashemeji.

Jumapili, kanisani, Theopista hakukaa mahali pake pa kawaida. Alikwenda mbele, nyuma tu ya kwaya. Emerensiana alikuwa anapiga kayamba. Kila alipoinua mikono, Theopista alikitazama kidole gumba chake cha kulia. Pembeni ya ukucha palikuwa na weusi ulioingia ndani ya ngozi, ule ambao sabuni haiutoi wala jiwe haliutoi. Theopista aliujua weusi ule. Kidole gumba cha Kalisti kilikuwa nao miaka ishirini na miwili. Akageuza shingo kuangalia upande wa wanaume, akakitafuta kidole cha mumewe kilichoshika kitabu cha nyimbo. Kilikuwa safi kama cha karani.

Siku ile hakukomunika. Hakuthubutu kupokea akiwa na lile alilokuwa nalo moyoni. Angemkuta amebeba zawadi, pete, hata ujauzito, angejua aanzie wapi; kuna wazee wa kusuluhisha, kuna padri, kuna nyumbani kwao Kakese. Lakini weusi wa baruti kwenye kidole cha mwanamke mwingine, utaupeleka baraza gani? Na hata hivyo ulimuuma kuliko pete. Yeye alinyimwa hata kuushika ule mkoba ulipokuwa unalowa.

Jumatatu Kalisti aliaga. Theopista alifunga unga kama kawaida, ila alipima wa mtu mmoja, tena mtu mwenye njaa ndogo. Chumvi aliiacha. Alimsindikiza mpaka kwenye mti wa mwisho wa shamba, akamwangalia anavyokwenda, mkoba hakuuvaa, ameukunja ameshika mkononi.

Kesho yake asubuhi Deo alipita kuulizia asali. Theopista alimwambia asali iko kambini, na yeye ana safari ya huko huko, ampakie. Deo alishangaa kidogo, akafuta kiti. Walipopita kwa Matilda, Matilda alikuwa anaanika mahindi. Aliinuka, mkono kiunoni, akawatazama mpaka vumbi lilipowafunika. Theopista aliona, na hakujali.

Walifika kambini jua likiwa utosini. Palikuwa na mzee mmoja tu anachuja asali. Alisema Kalisti na mama Elia wameshuka upande wa mbuga tangu saa nne, wamefuata ngiri. Alisema hivyo kama mtu anavyosema mvua imenyesha, na Theopista aliona aibu kwamba jambo hili hata mzee wa kambini amelizoea. Akaifuata njia peke yake. Baada ya mwendo wa kama nusu saa alisikia mlio wa gobole, mzito, wa kizee, halafu akaona moshi mweupe umetanda juu ya nyasi.

Alisogea kwa nyuma mpaka akawa hatua thelathini hivi, akajibanza kwenye mninga.

Kalisti alikuwa amesimama mikono mitupu. Gobole lilikuwa kwa Emerensiana, kitako chini, mtutu juu, na ule mkoba umemkaa kiunoni barabara. Alisubiri kidogo moshi uishe. Kisha mkono wake ukaingia na kutoka mkobani bila yeye kuangalia: kijibomba, baruti, kitambaa, ufito, akashindilia mara tatu, goroli, kitambaa, ufito. Akalilaza gobole mkononi, akapachika fataki kwa kile kidole gumba. Ilikuwa kazi safi kama ya mtu anayefuma mkeka. Akampa Kalisti gobole, akamshika bega, akamgeuza kidogo upande wa kushoto, akamnong'oneza. Kalisti akalenga. Akapiga. Huko mbele hakuna kilichoanguka. Ngiri alikatiza mkia wima akaingia vichakani.

Wakacheka. Wote wawili, kama watoto walioangusha chungu. Theopista hakukumbuka ni lini Kalisti alicheka nyumbani mwaka huu, na kicheko kile ndicho kilichomtoa nyuma ya mti.

Kalisti alisikia majani, akageuka. Alimtazama usoni. Theopista alikuwa amevaa kitenge chake cha kila siku, kile cha njano, mahali peupe, mchana kweupe. Kalisti akakunja macho.

"Shemeji, nani huyo?" alimuuliza Emerensiana.

Theopista alidhani anamdhihaki. Alifungua mdomo amtukane, tusi la Kakese ambalo hajalitumia tangu aolewe. Lakini uso wa Kalisti haukuwa wa dhihaka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje, akisubiri aambiwe.

Emerensiana hakumjibu yeye. Alimwambia Theopista, taratibu, "Mama Glory, karibu. Mimi nilimwambia akwambie."

Kalisti akaketi chini pale pale. Alipoanza kueleza alizungumza na nyasi. Tangu masika iliyopita macho yalikuwa yameingia ukungu, la kulia zaidi. Mwanzoni alidhani ni moshi wa kurinia. Kisha fataki zikaanza kumponyoka. Siku moja alidondosha tatu, akabaki anapapasa chini kwa magoti, na ndivyo Emerensiana alivyomkuta. Alimwokotea zote tatu. Tangu hapo akawa anampakilia, na kumwonyesha mnyama alipo. Kijijini alisema gobole linakataa, kwa sababu alishindwa kusema ni yeye anayekataa.

"Na mimi nikaitwa malaya," alisema Theopista. "Dada yako alikuja kunihesabia wageni, nawe ukala ugali."

"Nilijua si kweli."

"Ulijua. Hukusema."

Kalisti aling'oa unyasi mmoja. Halafu akasema, bado anaongea na nyasi, "Nilitaka wewe unione mzima."

Theopista alitamani maneno yale yamtulize, na hayakumtuliza. Yule mwanamke mfupi ndiye aliyemwona Kalisti akitambaa kwa magoti. Ndiye aliyeambiwa ukweli, akapewa kicheko, akapewa na mkoba. Yeye amepewa mtu mzima wa kuigiza anayekula na kulala. Aliuliza kuhusu mwiko: ilikuwaje mama Elia aruhusiwe kushika, na yeye anyimwe?

Emerensiana ndiye aliyejibu. "Cletus naye alikuwa nao huo mwiko. Siku nyati alipomkanyaga mguu, uliisha hapo hapo. Nilimbebea miaka sita, hakuna aliyejua." Akautoa mkoba begani, akaunyoosha. "Shika, Mama Glory. Mimi wa kwangu ameshakufa. Huyu ni wako."

Theopista aliuchukua kwa kuupokonya, ingawa ulikuwa unatolewa kwa hiari. Alijaribu kupakia pale pale, mbele yao. Baruti nusu ilimwagika kwenye vidole, kitambaa akakisahau, fataki ikamponyoka kama ilivyokuwa ikimponyoka mumewe. Emerensiana aliangalia pembeni, na Theopista alimchukia zaidi kwa heshima ile.

Walirudi kijijini, na habari za pikipiki zilikuwa zimewatangulia. Matilda aliwangoja mlangoni akiwa na wazee wawili wa ukoo. Safari hii Theopista hakutetea chochote. Alimtazama mumewe tu. Kalisti alisogea mbele ya dada yake. Kisha akawaambia wote kwamba gobole halina kosa, nyumba yake haina kosa, yeye ni kipofu nusu, na aliyewaficha ni yeye. Alimwambia dada yake aombe radhi. Matilda aliomba, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kunywa dawa. Jioni hiyo hiyo Theopista alichukua wembe, akafumua ile mishono midogo, mmoja mmoja, akaurudisha mkanda urefu wake.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Alitaka kujua kupakia, na aliyejua kufundisha alikuwa mmoja. Wiki nzima alijizungusha. Mwishowe akaenda kwa Emerensiana, akakaa uani bila kukaribishwa mara ya pili, akasema amekuja kujifunza. Emerensiana alileta jivu lililochekechwa badala ya baruti, na gobole la marehemu Cletus, ambalo lilikuwa limekaguliwa halina kitu ndani na kuondolewa nyundo. Alifundisha bila maringo. Pima nyumbani, porini mimina tu. Fataki zikae mfuko wake, mbali na baruti, wala usizifunge kwenye nailoni zitatoa jasho. Likishalia, ngoja, usimimine baruti kwenye mtutu wenye cheche. Theopista alirudia, akarudia, mpaka jivu likamwingia puani.

"Ukimpa, mpe kwa upande wa kushoto," alisema Emerensiana siku moja. "Anapenda kulipokea kwa mkono wa kushoto."

Theopista alimimina jivu upya. Miaka ishirini na miwili, na hakujua mkono ambao mume wake hupokelea gobole. Usiku aliota anapakia, haraka, haraka kuliko mtu yeyote, na mtu wa kumpita alikuwa na pengo la meno.

Mwezi wa nane walikuja madaktari wa macho hospitali ya Mpanda. Theopista na mumewe walifikia kwa mtoto wao Aloyce, mtaa wa Nsemulwa, na Kalisti akatolewa mtoto wa jicho upande wa kulia. Bandeji ilipofunguliwa alimtazama mke wake muda mrefu, akasema, "Kumbe una mvi." Manesi walicheka. Theopista alicheka pia, huku akikumbuka kwamba mama Elia hana hata moja.

Daktari alieleza kwamba jicho lile litaona mbali vizuri, ila vitu vya karibu vitakuwa na ukungu mpaka apate miwani. Ilikuwa kweli. Kalisti aliweza kuhesabu mbuzi ng'ambo ya bonde, lakini fataki ilikuwa kwake punje isiyo na kingo. Oktoba, kibali kikiwa bado hai, alianza kuzungukazunguka lile gobole. Akauliza, kwa sauti ya chini, amwambie shemeji aje?

"Mwambie apumzike," alisema Theopista, na akautungua mkoba.

Walitembea kutwa, wakalala kambini, wakaondoka alfajiri. Mkoba ulimgonga Theopista nyongani kila hatua, akaona raha ambayo hakuitarajia. Kwenye dimbwi la mwisho la mbuga Kalisti aliona ngiri wawili. Risasi ya kwanza ilipita juu, dume likashtuka, likazunguka, likasimama likitafuta sauti ilikotoka. Kalisti alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Theopista alipokea, akangoja moshi, akamimina, kitambaa, akashindilia, goroli, kitambaa, akashindilia, fataki. Safari hii haikumponyoka. Akalirudisha, upande wa kushoto. Risasi ya pili ilimwangusha yule ngiri ubavuni mwa dimbwi.

Kalisti alimshika mkono, kile kiganja chenye weusi mpya, akakiangalia kwa mbali ili akione. Kisha akacheka. Theopista aliusikiliza mcheko ule kwa makini, akaupima, akaona unalingana na ule aliousikia nyuma ya mninga, labda umezidi kidogo.

Nyama iligawiwa kama desturi. Kidari kilikwenda kwa wazee, figo kwa Matilda. Theopista alisema fungu la mama Elia atalipeleka mwenyewe. Kalisti alitenga paja, kwa kuwa ni haki yake kabisa, lakini alipotoka kidogo kwenda kunoa kisu, Theopista alilirudisha paja kwenye sufuria yake na kuchukua mkono wa mbele.

Emerensiana alikuwa anapalilia mchicha. Alipokea nyama, akaigeuza, akaona ni mkono, akatabasamu na lile pengo lake.

"Hongereni. Mlipiga risasi ngapi?"

"Moja," alisema Theopista.

Emerensiana alimtazama kidole gumba, akamtazama usoni. Akasema moja ni nzuri sana, akaingia ndani kutafuta chombo cha kuwekea nyama.